Samaki wa Beseni: Je, Naye Anatudai?

Tulifika Mabawe asubuhi ya Jumamosi, umande ukiwa bado juu ya majani ya migomba. Mabawe ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, pembe ile ya nchi ambako Tanzania inapakana na Burundi na Rwanda. Ni nchi ya vilima na mabonde, ya ndizi, maharage na kahawa. Tulikuwa tumekwenda kuzungumza na akina mama juu ya malezi, wala habari za samaki hazikuwamo mioyoni mwetu. Lakini tulipobisha hodi kwa mwenyeji wetu tulikuta mlango uko wazi, uji umepoa mezani, na mama mwenye nyumba amesimama uani, mikono kiunoni, akitazama beseni.

Ndani ya beseni mlikuwa na samaki wanne wadogo, kila mmoja urefu wa kidole. Mmoja alikuwa amelala ubavu, amekwisha kufa. Watatu walikuwa juu kabisa ya maji, vinywa wazi, wakihema upesi upesi. Kando yao alichuchumaa kijana wa darasa la nne, anafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Karibuni," alisema mama, "lakini mmenikuta kwenye kesi."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Siku mbili nyuma, jirani mwenye bwawa kule bondeni alikuwa akivua samaki wake. Kijana alikwenda kusaidia kubeba ndoo, akapewa vifaranga vinne vya sato kama asante. Mama alitegemea ataviona jikoni. Badala yake mtoto aliviweka katika beseni la kufulia, akavipa majina, akavimegea ugali, na usiku akaamka mara mbili na tochi kwenda kuvitazama. Jana yake alikuta maji yamechafuka, akayamwaga yote, akajaza mengine kutoka kwenye dumu la jikoni.

"Dumu la lita 20!" alisema mama. "Nimelitoa chemchemini, nimelipandisha kilima kizima kichwani, halafu narudi shamba nakuta yamekwisha, wamepewa samaki. Na samaki wenyewe wanakufa. Nisemeje?"

Bibi, mama mkwe wake, alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akatoa hukumu yake bila kuinua macho. "Samaki ni mboga. Mboga haililiwi machozi."

"Lakini bibi, wanaumia," alisema kijana.

"Nani kakuambia, mjukuu wangu?"

Pakawa kimya. Wote watatu wakatugeukia sisi wageni, kana kwamba tumetoka mjini na jibu mfukoni. Ukweli ni kwamba hatukuwa nalo. Tulisema maneno mawili matatu ya kupoza, tukanywa uji. Lakini swali la mtoto yule tulirudi nalo, na makala hii ndiyo deni tunalolipa.

KITOWEO AU KIUMBE?

Mpenzi msomaji, hebu tujichunguze. Kuku akishikwa usiku hupiga kelele, nasi huamka. Mbuzi akifungwa juani bila maji hulia, na jirani atauliza, "Mbuzi wa nani huyo?" Mbwa akipigwa jiwe hubweka kwa uchungu hata mtoto mdogo akaona huruma. Lakini samaki hatusikii akilia. Hana kope za kufumba wala uso wa kukunja. Huruma yetu mara nyingi huingia kwa masikio, na asiyepiga kelele tunadhani haumii.

Je, ni kweli haumii? Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walitoa matokeo ya kazi waliyofanya juu ya samaki aina ya trauti. Baadhi ya samaki walidungwa midomoni sumu ya nyuki au maji makali kama ya siki, na wengine wakadungwa maji ya chumvi tu. Wale wa sumu na siki walipumua kwa haraka, wakakataa chakula kwa saa kadhaa, wakayumba huku na huku chini ya tangi, na wale wa siki walisugua midomo yao kwenye changarawe. Walipopewa dawa ya kutuliza maumivu, dalili hizo zilipungua. Mama yeyote aliyewahi kumwona mtoto mwenye jino bovu akikataa uji na kusugua shavu kwenye mto ataelewa walichokiona.

Na jirani zetu hasa, samaki wa Ziwa Tanganyika, nao wametoa ushahidi wao. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua samaki wadogo wa jamii ya furu wanaopatikana katika ziwa hilo, ambao madume yao hupigania maeneo. Dume mmoja aliwekwa mahali pa kutazama wenzake watano wakipigana wawili wawili: wa kwanza alimshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho. Baadaye mtazamaji aliwekewa wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipigana, wa pili na wa nne. Alijisogeza kwa yule dhaifu zaidi. Maana yake alikuwa amejumlisha mwenyewe kichwani nani ni mbabe wa nani. Samaki wa kiasi cha kidole!

Bado wapo wataalamu wanaobishana kama maumivu ya samaki yanafanana na yetu. Hilo huenda lisijulikane upesi, kwa kuwa hakuna awezaye kuingia katika ngozi ya samaki. Lakini sisi akina mama hatusubiri mtoto mchanga ajue kusema ndipo tuamini kwamba tumbo linamuuma. Tunatazama dalili, na tunapokuwa na mashaka tunachagua upande wa huruma. Basi kijana wa Mabawe hakukosea sana.

MAMA ABEBAYE WATOTO KINYWANI

Kuna jambo jingine ambalo tungependa kila mama alijue kabla hajasema samaki ni mboga tu. Sato jike hutaga mayai yake katika kishimo alichochimba dume chini ya maji. Mara tu baada ya kutaga huyakusanya yote kwa kinywa chake, akayahifadhi humo. Humo mayai huanguliwa, na humo watoto huanza kukua. Kazi hiyo huchukua kama wiki moja hadi mbili, na muda wote huo mama hali chakula, au hula kidogo mno. Watoto wanapotoka huogelea karibu na kichwa chake, na hatari ikitokea hukimbilia tena kinywani mwa mama yao.

Wako wanaomzidi. Katika miamba ya Ziwa Tanganyika kuna samaki wanaoitwa kitaalamu Tropheus. Jike wa jamii hiyo hutaga mayai machache lakini makubwa, na huyabeba kwa kama mwezi mzima. Watafiti wamewaona majike hao wakichuna chakula kwenye mawe huku vinywa vimejaa watoto, na chakula hicho huwafikia watoto mle ndani.

Tulipomsimulia mwenyeji wetu habari hizo baadaye kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe naye hushinda njaa kwa ajili ya watoto. Basi huyo ni mwenzetu."

MAANDIKO YANATUONYESHA NINI?

Wapo watakaosema, "Bwana wetu mwenyewe alikula samaki." Ni kweli. Injili ya Luka inaeleza kwamba baada ya kufufuka alipewa kipande cha samaki wa kuoka akala mbele ya wanafunzi, na Yohana anasimulia jinsi alivyowapikia samaki ufukweni. Kwa hiyo hatuna haja ya kumfundisha mtoto kwamba kula samaki ni dhambi. Katika nyumba nyingi za Ngara, dagaa na samaki wakavu ndiyo lishe inayojenga mwili wa mtoto wakati nyama ni ya sikukuu.

Lakini ruhusa ya kula si ruhusa ya kutesa. Katika Mithali tunafundishwa kwamba mtu mwema huangalia uhai wa mnyama wake. Mwishoni mwa kitabu cha Yona, Mungu anapoeleza kwa nini aliuhurumia mji wa Ninawi, hataji watu peke yao. Anataja na wanyama wengi waliokuwamo. Na nabii Nathani alipotaka kuuvunja moyo mgumu wa mfalme Daudi, alimsimulia habari ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyelelewa pamoja na watoto wake kama binti. Nathani hakuona aibu kusimulia upendo wa mtu kwa mnyama mdogo, na mfalme hakucheka. Alikasirika kwa ajili ya yule kondoo na mwenyewe.

Na tutofautishe mambo mawili. Samaki aliye ziwani yuko mikononi mwa Muumba wake: anatafuta chakula mwenyewe, anakimbia adui mwenyewe. Samaki uliyemtia katika beseni hana tena uwezo wa kutafuta chochote. Maji ni yale uliyompa wewe, chakula ni kile ulichomrushia wewe, na hewa ni ile iliyobaki humo. Umejifanya ziwa lake. Ndiyo sababu tunasema kwamba samaki wa kufugwa anatudai kuliko samaki wa mwituni.

KOSA LETU WENYEWE

Tusije tukaonekana tunawahubiria watu wa Mabawe kana kwamba sisi tulio mjini ni wema zaidi. Miaka kadhaa iliyopita tulimnunulia mtoto wetu samaki wawili wa dhahabu katika duka moja la mjini, pamoja na bakuli la kioo la mviringo lenye ukubwa wa sufuria ya wali. Muuzaji alisema, "Badilisha maji tu, mpe chakula." Tukaweka bakuli juu ya kabati la televisheni, likapendeza. Jioni tulijaza maji ya bomba. Siku ya nne mmoja alikufa, siku ya sita wa pili. Tulimwambia mtoto, "Samaki ndivyo walivyo, hawadumu," tukawatupa, tukasahau.

Leo tunajua kwamba tulimdanganya mtoto. Samaki wa dhahabu akitunzwa huishi miaka mingi. Huko Uingereza samaki mmoja aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi kwenye maonyesho mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Si kwamba samaki hawadumu. Ni sisi tuliowaua. Hebu tueleze jinsi gani, ili mwingine asirudie.

Kwanza, maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Dawa hiyo inatufaa sisi, lakini huunguza mashavu ya samaki anayopumulia. Mara nyingi maji yakiachwa wazi katika chombo kipana kwa siku moja au zaidi, klorini hupungua.

Pili, samaki huishi katika choo chake. Uchafu wake na masalia ya chakula hutoa amonia, ile ile inayonuka kwenye banda la kuku lisilofagiwa. Katika bwawa au ziwa wapo bakteria wema wanaoibadilisha kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Katika bakuli jipya bakteria hao hawajazaliana. Huchukua wiki kadhaa. Ndipo samaki huonekana wazima siku ya kwanza na ya pili, kisha wakaanza kufa.

Tatu, hewa ya oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji. Bakuli la mviringo lenye mdomo mwembamba lina uso mdogo. Samaki wakipanda juu na kuhema, kama tulivyoona Mabawe, si kwamba wanasalimia wala wanaomba chakula. Mara nyingi wanakosa pumzi. Mwaka 2005 mji wa Rome, Italia, ulipiga marufuku kufuga samaki katika mabakuli ya mviringo, na pia kutoa wanyama kama zawadi za michezo ya sikukuu.

Sasa turudi kwenye beseni la Mabawe. Lilikuwa la kufulia, na mabaki ya sabuni ni sumu kwa mashavu ya samaki. Ugali uliomegwa kwa upendo uliozea chini ukala ile hewa kidogo iliyokuwamo. Maji yote yalibadilishwa kwa mkupuo mmoja, ya zamani yenye vuguvugu la jua yakaondoka, ya chemchemi yenye baridi yakaingia. Kisha ukaja usiku wa Ngara, na sato ni samaki wa maji ya joto. Mtoto alipenda sana, lakini hakujua. Upendo usio na maarifa waweza kuua.

SAMAKI WETU WALIO NYUMBA ZA MBALI

Huenda ukasema mambo ya kufuga samaki wa mapambo ni ya wazungu. Lakini je, wajua kwamba baadhi ya samaki hao wanatoka kwetu? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, la pili kwa kina duniani. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya furu na sato, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Wapo wakazi wa makombe, samaki wadogo wanaoishi na kulea watoto ndani ya makombe ya konokono waliokufa. Kwa miaka mingi samaki hao wamekuwa wakivuliwa wazima na kusafirishwa kwa ndege. Mnamo miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, aliendesha kazi hiyo akiwa Bujumbura, mji wa jirani zetu wa Burundi.

Kazi hiyo nayo ina njia ya haki na njia ya dhuluma. Samaki wa aina hizo wana kifuko cha hewa tumboni. Akitolewa kilindini kwa pupa, hewa hutanuka na kifuko huvimba, hata akashindwa kuzama. Mpiga mbizi mwenye utu humpandisha kidogo kidogo, akampumzisha njiani mpaka mwili wake uzoee. Mwenye haraka ya fedha humpandisha mara moja, na anayelipa gharama ya haraka hiyo ni samaki.

Na ipo habari nyingine ya kusikitisha na kufariji pamoja. Katika Ziwa Viktoria, ambalo sisi watu wa Kagera tunaliita letu, waliishi furu wa aina zaidi ya 500 kwa makadirio ya wataalamu. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara aliingizwa ziwani humo. Ni samaki mkubwa anayeweza kufikia mita 2, na chakula chake ni samaki wenzake. Alikaa kimya kwa miaka, kisha miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Sangara alileta ajira na viwanda, wala hatumlaumu mama aliyesomesha watoto kwa biashara hiyo. Lakini furu wa aina zipatazo 200 walitoweka au wakawa nadra mno, maji yaliyochafuka nayo yakichangia. Baadhi ya furu waliookolewa walilelewa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, kizazi baada ya kizazi, na watu waliowabadilishia maji kila wiki bila kutarajia kuwala. Huenda mtoto wa mvuvi wa Mwanza leo akalazimika kusafiri ng'ambo ili amwone samaki ambaye babu yake alimla kwa ugali.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, kumtunza samaki mdogo si upuuzi. Kuna wakati ndiko kunakohifadhi kazi ya Mungu isipotee. Pili, kumtia kiumbe katika maji yasiyo yake ni jambo zito. Samaki wa kufugwa akikuchosha, usimmwage mtoni wala ziwani ukidhani unamhurumia. Unaweza kuwa unawaletea wenyeji wa humo ugonjwa au adui.

MAJI NI YA NANI KWANZA?

Sasa tufike kwenye jambo gumu, lile lililomfanya mama wa Mabawe asimame mikono kiunoni. Mwanamke anayebeba lita 20 kichwani kupanda kilima anajua uzito wa kila kikombe. Je, ni haki maji hayo yapewe samaki wakati watoto hawajaoga?

Jibu letu ni hapana. Mtoto kwanza. Mgonjwa kwanza. Na mama mwenyewe, ambaye shingo yake ndiyo inayouma, naye asisahauliwe. Huruma kwa wanyama inayomwongezea mwanamke mzigo bila kumuuliza si huruma kamili; imechukua kwa mmoja ikampa mwingine.

Lakini angalia, mpenzi msomaji, jibu hilo halimaanishi kwamba samaki aachwe afe polepole kwenye maji machafu. Linamaanisha kwamba kama hatuna maji ya kutosha, hatuna haki ya kumfungia samaki katika beseni. Kutofuga nako ni huruma. Mtu asiye na malisho hafungi ng'ombe uani akamwambia avumilie. Vivyo hivyo kwa samaki, hata kama ng'ombe hupiga kelele na samaki hapigi.

Mwaka 1979 baraza la ustawi wa mifugo la Uingereza lilieleza mambo matano ambayo kila mnyama aliye mikononi mwa mtu anastahili: asikae na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu wala ugonjwa, apate nafasi ya kufanya yale aliyoumbwa kuyafanya, na asiishi kwa hofu. Hayo yameenea duniani, na hapa Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Ukitaka kufuga samaki, yapitie mambo hayo matano kimoja kimoja, ukijibu kwa ukweli.

YA KUZINGATIA NYUMBANI

1. Kabla ya kukubali samaki wa mapambo, uliza atakuwa mkubwa kiasi gani na ataishi miaka mingapi. Vifaranga vya sato havifai beseni hata kidogo. Kwao ni bwawa.

2. Chagua chombo kipana chenye uso mkubwa wa maji, kisichowahi kutiwa sabuni wala dawa. Kiweke kivulini. Kiandae mapema, na uanze na samaki mmoja au wawili tu.

3. Usibadilishe maji yote kwa mara moja. Toa robo au theluthi, ongeza mengine yaliyokaa kwenye chombo mpaka joto lake lilingane. Maji yaliyotolewa yamwagie mchicha. Ni mbolea nzuri, na hapo jasho la mama halipotei.

4. Lisha kidogo, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika chache. Samaki wengi wa nyumbani hufa kwa shibe ya upendo kuliko kwa njaa.

5. Mpe mtoto kazi, lakini mzazi abaki na wajibu. Mtoto wa miaka 9 husahau. Kama maji huchotwa mbali, mwenye samaki na achote ya samaki wake mwenyewe, kwa kidumu kinacholingana na umri wake.

6. Samaki wa kitoweo naye astahiwe. Usimwache agaragare kwenye vumbi hadi afe, wala usimparue magamba akiwa hai. Kambale hasa huweza kupumua hewa, hivyo hukaa muda mrefu akiteseka nje ya maji. Mpige kwa nguvu pigo moja kichwani, juu kidogo ya macho, kwa mti mzito, ndipo umwandae. Ni kazi ya nukta moja, na watoto wanaotazama hujifunza kwamba hata anayechinjwa huchinjwa kwa heshima.

KESI ILIVYOKWISHA

Utapenda kujua mambo yaliishaje. Siku ile ile, tulipokuwa bado tunakunywa uji, mama aliinuka, akachukua ndoo ya kunywea maji isiyo na sabuni, akaiteka nusu kutoka kwenye dumu alilolipandisha asubuhi hiyo. Aliongeza maji ya moto kidogo ya chai, akayajaribu kwa kiwiko, kama afanyavyo mama anayeandaa maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Kisha akawahamisha wale watatu kwa kikombe. Hakusema neno. Bibi aliacha kuchambua maharage akatazama.

"Haya, mwanangu," alisema mama, "beba. Tunawarudisha kwao."

Tuliteremka wote bondeni, kijana mbele akitembea polepole ili maji yasimwagike. Jirani mwenye bwawa alicheka kwanza, kisha alipouona uso wa mtoto akaacha kucheka. Akamwonyesha jinsi ya kuizamisha ndoo taratibu, akiongeza maji ya bwawa kidogo kidogo ili samaki wazoee. Wawili walitoka wakapotea kwenye maji ya kijani. Wa tatu alikaa kwenye ukingo wa ndoo muda mrefu, halafu naye akaenda. Hatujui kama aliishi.

Tangu siku hiyo, mama ametuambia, kijana huenda bwawani kila Jumamosi na kopo la pumba, na jirani humpa kazi ya kuondoa majani yanayooza ukingoni. Walipovua mara ya pili alipewa sato wawili wakubwa kama fungu lake. Aliwaleta nyumbani, mama akawakaanga. Kijana hakula. Alikula ugali na maharage, akawatazama wadogo zake wakila, wala hakuwakataza.

"Ulimlazimisha?" tuliuliza.

"Hapana," alisema mama. "Nilitaka kumwambia mboga haililiwi machozi. Lakini nilimwona bibi yake amemsogezea bakuli la maharage, kimya kimya. Nikaona yaishe."